Je, Kudai Kihamba Barazani Ni Kuukataa Msalaba?

Swali: Mchungaji, mimi ni mjane wa Old Moshi, na mume wangu amezikwa kwenye kihamba chetu, shamba la urithi lenye nyumba yetu. Msiba ulipokwisha, shemeji yangu mkubwa aling'oa masale, mimea tunayoipanda kuonyesha mpaka, ya upande wa chini akayapanda upya hatua chache kutoka jikoni kwangu, na kahawa ya upande ule sasa anachuma yeye. Ukoo umenyamaza. Wenzangu wa kikundi cha maombi wananiambia nimwachie Mungu, kwa kuwa Yesu alipopelekwa msalabani hakufungua kinywa chake, na kwamba nikienda barazani nitakuwa nimeonyesha kwamba sijajisalimisha kwake. Je, ni kweli? Na nikienda, nitawezaje kuomba "mapenzi yako yatimizwe" huku nimeshika barua ya wito?

Jibu: Mama mpendwa katika Kristo, pole kwa msiba na pole kwa yaliyofuata baada ya msiba, ambayo kwa wajane wengi wa mlimani huuma kuliko msiba wenyewe. Nitatanguliza jibu ili usisome haya yote ukiwa na wasiwasi: unaweza kwenda barazani na ukabaki mikononi mwa Mungu, na hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kuutumia msalaba wa Kristo kukunyamazisha. Hata hivyo jibu fupi kama hilo halitakutosha siku utakaporudi kwenye kikundi na kusomewa Isaya 53 mbele ya wote, kwa hiyo naomba tulipitie jambo hili taratibu.

Wenzako wamesema kweli kwamba imeandikwa, "kama mwana-kondoo apelekwaye machinjoni", na kwamba mtumishi wa Bwana anayetajwa pale hakufunua kinywa chake. Wangesoma mstari unaofuata wangekuta nabii anakiita kitendo kile kwa jina lake: "Kwa kuonewa na kuhukumiwa aliondolewa." Maandiko yanayosifu ukimya wa aliyeonewa hayakuufanya uonevu kuwa kitu kingine. Tena ukizifuata Injili zote nne utaona kwamba Bwana wetu alinyamaza mahali fulani na akasema mahali pengine. Alinyamaza mbele ya mashahidi wa uongo na mbele ya Herode, ambaye alitaka kuona ishara tu. Lakini alipokuwa mbele ya kuhani Anasi na mmoja wa watumishi akampiga kofi, hakugeuka ukuta. Alimjibu, "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Mstari huo ni Yohana 18:23, na ningependa uuweke alama kwenye Biblia yako. Aliyesema kwamba mtu akikupiga shavu la kuume umgeuzie na la pili ndiye huyu anayemtaka aliyempiga alete ushahidi. Hakurudisha kofi, hakutukana, wala hakuomba malaika wamshukie mtu yule. Alidai tu kwamba jambo lile lipimwe kwa haki, mahali ambapo haki ilitakiwa kutolewa. Tofauti kati ya kulipiza kisasi na kudai haki iko pale pale katika mstari mmoja.

Twende sasa Gethsemane, kwa sababu neno lenyewe unaloogopa kuliomba lilitoka huko. Kwa Marko sala ile iko hivi: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Wengi wetu tumezoea kuinukuu nusu ya pili peke yake, kana kwamba nusu ya kwanza ni udhaifu ambao Bwana alipitia haraka kabla ya kufikia imani. Mathayo anatuambia kwamba aliomba mara tatu. Kama kuomba jambo baya liondoke ni dalili ya kutojisalimisha, basi itabidi tuseme kwamba Mwana wa Mungu hakujisalimisha hadi mara ya tatu, na hakuna Mkristo atakayethubutu kusema hivyo. Mwandishi wa Waebrania anakwenda mbali zaidi. Anasema kwamba siku za mwili wake alitoa maombi na dua "pamoja na kulia sana na machozi, akasikilizwa". Neno hilo la mwisho limewasumbua wafafanuzi tangu zamani, kwa maana kikombe hakikuondolewa. Mimi nalisoma hivi: alisikilizwa kwa sababu hakuna hata kilio kimoja kilichopotea njiani, na jibu la Baba lilikuja siku ya tatu, likiwa kubwa kuliko lililoombwa. Kwa hiyo kujisalimisha kwa namna ya Yesu kuna maombi ndani yake, kuna machozi, kuna hata swali la Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", na mwishoni kuna neno la Zaburi ya 31, "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu." Aliyeuliza na aliyejiweka mikononi ni mtu yule yule, katika mchana ule ule.

Ninafika sasa kwenye kiini cha jibu langu. Katika Yohana 10:18 Bwana anasema habari za uhai wake, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Kusulubiwa kulikuwa kitu cha kawaida katika dola ya Kirumi. Mwaka 71 KK, baada ya uasi wa watumwa walioongozwa na Spartacus kuzimwa, wafungwa wapatao 6,000 walitundikwa kando ya barabara kutoka Capua mpaka Roma ili kila apitaye aone na aogope. Hakuna kati yao ambaye Kanisa linasema alitoa sadaka ya upatanisho kwa kifo chake, ingawa mti ulikuwa wa aina ile ile na maumivu yalikuwa yale yale. Kilichoufanya msalaba wa Golgotha kuwa sadaka ni kwamba mwenye uhai aliutoa kwa hiari, kwa upendo, kwa ajili ya wengine, na kwa kutii wito ambao Baba alimpa yeye. Mtu akichukua shamba lako bila idhini yako halafu akakuambia ulihesabu kuwa sadaka, amekosea mara mbili, maana sadaka haitolewi na mkono wa anayechukua. Mkumbuke pia Simoni Mkirene. Marko anasema askari walimshurutisha auchukue msalaba wa Yesu. Alikuwa anatoka shamba, anapita zake. Tunamheshimu Simoni, lakini hakuna mhubiri mwenye busara atakayesema kwamba askari walikuwa wanamsaidia kukua kiroho.

Kuna watakaokujibu kwamba yote hutokea kwa mapenzi ya Mungu, hivyo kumpinga shemeji ni kupingana na Mungu aliyeruhusu. Hoja hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu ina sura ya unyenyekevu. Yesu mwenyewe aliijibu akiwa amesimama mbele ya Pontio Pilato, liwali aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36 BK. Alimwambia, "Wewe hungekuwa na mamlaka yo yote juu yangu, kama usingepewa kutoka juu, kwa sababu hiyo yeye aliyenitia mikononi mwako yuna dhambi iliyo kubwa zaidi." Tazama jinsi sentensi hiyo moja inavyobeba mambo mawili bila kuangusha hata moja. Mungu yuko juu ya Pilato, na dhambi ya waliofanya inabaki kuwa dhambi yao. Petro siku ya Pentekoste alihubiri vivyo hivyo: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na bado "mkamsulibisha kwa mikono ya watu wabaya". Mungu aliugeuza uovu ule kuwa wokovu wetu, lakini hakuwahi kuuita wema. Basi Mungu anaweza kufanya jambo jema kutokana na mateso yako, naamini hivyo kwa moyo wote, lakini hilo halimpi shemeji yako hati ya kumiliki.

Kujisalimisha ni nini, basi? Sijaona maelezo mazuri kuliko ya Petro katika waraka wake wa kwanza, 2:23, anaposema kwamba Kristo alipotukanwa hakurudisha matukano, alipoteswa hakuogofya, "bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki". Alijikabidhi kwa Hakimu. Anayekabidhi shauri kwa hakimu anaamini kwamba shauri lipo. Hajasema hakuna kilichotokea. Zaidi ya hayo, maneno haya Petro aliwaandikia kwanza watumishi wa nyumbani, watu ambao wengi wao hawakuwa na mahali pa kushtaki wala mtu wa kuwasemea, na ndiyo maana aliwaonyesha Hakimu asiyeonekana. Paulo, ambaye alikuwa raia wa Rumi na sheria ilimlinda, alitumia kinga hiyo bila aibu. Kule Filipi aliwataka wakuu waje wenyewe kumtoa gerezani, na mbele ya Festo akasema, "Nataka rufani kwa Kaisari." Ni Paulo huyo huyo aliyeandika kwamba kwake kuishi ni Kristo na kufa ni faida. Wewe, mama, hali yako kwa jambo hili inafanana na ya Paulo kuliko ya watumwa wale, kwa sababu sheria ya nchi yako inakutambua: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kuitumia sheria hiyo ni kupokea kwa mkono ulichopewa. Usisahau kwamba Warumi 12 inayotukataza kujilipiza kisasi inafuatwa mara moja na Warumi 13, ambayo inamwita mwenye mamlaka "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema".

Siwezi kuruka 1 Wakorintho 6, maana najua utasomewa. Paulo anawauliza Wakorintho, "Maana si afadhali kudhulumiwa?" Ni neno zito, na sitaki kulipunguza uzito. Wako watu ambao Mungu amewapa moyo wa kuachilia mali yao kwa hiari ili kumpata ndugu, na nimewaona wakifanya hivyo kwa furaha isiyo ya kujilazimisha. Ukisikia mwito wa namna hiyo ndani yako, baada ya kuomba na bila mtu kukusukuma, na watoto wako hawatabaki bila pa kulala, una uhuru wa kuufuata. Lakini usome sura yote. Kabla ya swali lile Paulo amelikemea kanisa kwa kukosa hata mtu mmoja mwenye hekima wa kukata maneno ya ndugu, na mara baada yake anawageukia wenye nguvu: "ninyi wenyewe mwadhulumu watu na kunyang'anya mali zao; naam, hata za ndugu zenu." Kikundi chako kimekusomea wewe sehemu ya katikati. Je, kuna aliyekwenda kwa shemeji yako kumsomea mwisho wake? Nauliza kwa upole, kwa kuwa sina shaka wengi wao wanakutakia mema. Ila ni rahisi zaidi kumtuliza mjane kuliko kumkemea mwanamume mwenye ng'ombe, tena mwenye kiti cha mbele kwenye kikao cha ukoo.

Habari ya ardhi ya urithi, kwa kweli, Biblia inaijua vizuri kuliko tunavyodhani. Nabothi alimkatalia mfalme Ahabu shamba la mizabibu kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, na Mungu hakumtuma Eliya kumkemea Nabothi kwa ung'ang'anizi. Alimtuma kwa mfalme. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai fungu la baba yao, na Bwana akasema kwamba wanenalo ni haki, sheria ikaandikwa kwa ajili yao katika Hesabu 27. Na sisi Walutheri hatuna udhuru kabisa. Kila aliyepita darasa la kipaimara amekariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo katika kueleza amri ya tisa inatukataza kuutafuta kwa hila urithi au nyumba ya jirani, au kuipata kwa kujifanya tuna haki. Nikisoma maelezo hayo huwa naona masale yaking'olewa alfajiri.

Tena nchi hii imewahi kuona watu wakidai ardhi bila kuacha heshima yao. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wa upande wa Arusha huko Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi hapa Moshi. Wameru, wakiwamo Wakristo wengi, walichanga fedha kwa ajili ya safari ile. Haikuwarudishia ardhi yao papo hapo. Sijawahi kusikia mtu wa Arusha akisema kwamba walikosa imani kwa kwenda.

Sasa nikugeukie wewe mwenyewe, maana kujisalimisha kunakudai mambo, na ningekudanganya kama ningekuachia upande wa haki zako tu. Kunakudai usiseme uongo barazani hata kidogo, hata pale ambapo kuongeza hatua mbili za mpaka kungekusaidia na hakuna ambaye angejua. Kunakukataza kutuma vijana usiku wakayarudishe masale kwa panga. Kunakukataza kuvunja chungu, au kumlaani mtu kwa njia yoyote ya kimila au ya "kimaombi", maana siku hizi kuna maombi ambayo ni laana iliyovikwa jina la Yesu. Kunakudai umwombee shemeji yako kwa jina, kila siku, jambo ambalo mwanzoni utalifanya kwa meno yaliyouma. Na kunakudai ukubali kwamba unaweza kushindwa. Vijana watatu wa Danieli walisema Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo". Imani inamtegemea Mungu mwenyewe. Matokeo ya baraza si kipimo chake, ukishinda au ukishindwa. Anayekwambia kwamba ukiwa na imani ya kutosha shauri lazima ulishinde amekosea sawasawa na yule anayekwambia usiende.

Kwa upande wa hatua, fuata Mathayo 18 kwanza. Nenda kwa shemeji ukiwa na shahidi mmoja au wawili, ikiwezekana mzee wa kanisa na mmoja wa wazee wa ukoo anayekumbuka mpaka ulipokuwa. Andikeni kilichosemwa na tarehe. Likishindikana, mchungaji wa usharika wenu apewe taarifa rasmi. Wakati huohuo hakikisha kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kuwa mashauri mengi ya wajane hukwama hapo. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mengine muulize mwanasheria. Mimi ni mchungaji, na sheria si fani yangu.

Utaniuliza kuhusu msamaha. Huenda siku moja shemeji yako, au watoto wake, wakaja na jani la isale mkononi kuomba radhi, kama wazee wetu walivyotufundisha. Ukiliona, lipokee; si desturi yetu kulikataa, na Injili inakutaka uende mbali zaidi ya desturi. Hata kabla halijaja unaweza kuanza kumwachilia moyoni, kwa maana ya kuacha kumtakia mabaya. Lakini kusamehe hakuhamishi mpaka. Zakayo aliposamehewa alisimama akasema kwamba aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne, na Yesu hakumwambia aache, kwamba msamaha umetosha. Aliyesamehewa hurudisha, na wewe kuusubiri mpaka wako urudishwe si kinyongo.

Kuhusu kuomba ukiwa na barua ya wito mkononi: iweke juu ya Biblia, au popote ulipozoea kuombea, na useme sala ya Gethsemane nzima nzima. Mwambie Baba unachokitaka kwa maneno yasiyo na kona, kwamba unataka mpaka wa mume wako na kahawa yako na watoto wako wasihame. Kisha mwambie afanye apendavyo yeye. Usiibadilishe nusu ya kwanza ili ionekane ya kiroho zaidi.

Umedokeza pia mwishoni mwa barua yako kwamba tangu mgogoro uanze hushiriki Chakula cha Bwana, kwa kuwa umeambiwa mwenye neno na nduguye asiikaribie meza. Mathayo 5:23 inasema, "ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako". Anayeagizwa kuiacha sadaka yake madhabahuni na kwenda kupatana kwanza ni yule ambaye nduguye ana neno juu yake, na katika shauri hili mtu huyo ni shemeji yako. Wewe Jumapili ijayo usiikose meza.